Kete za Mpini wa Jembe

Mbeya, Jumanne, 1 Aprili 2025

Nadai hivi, na nitalitetea dai langu mbele ya yeyote: mchezo wa drafti hauharibiwi na wachezaji wabovu bali na vifaa vibovu. Mpe mwenye akili ubao mbaya na kete mbaya, atashindwa na mpumbavu. Ushahidi ni mimi mwenyewe.

Leo nimeshindwa tena na Anyelwisye. Mara tatu, kabla chai haijapoa. Huyu ni muuza viatu vya mitumba. Mimi nina shahada ya falsafa. Hakuna maelezo mengine yanayowezekana isipokuwa vifaa.

Tuanze na kete. Ni visoda vya chupa. Mchezaji mmoja huvilaza uso juu, mwenzake huvigeuza, meno juu. Hiyo ndiyo tofauti pekee. Rangi moja, kutu moja. Jioni hii mvua ilitia giza chini ya bati letu, nikasogeza kisoda cha Anyelwisye nikidhani ni changu, nikala kete yangu mwenyewe. Kijiwe kizima kilicheka. Anyelwisye aliniuliza kama chuo kikuu ndiko walikonifundisha hivyo.

"Digrii, kula ni lazima," alisema, "lakini si kujila mwenyewe."

Ubao ni mbaya zaidi. Aliutengeneza marehemu Zabron, mume wa mama Yusta anayetuuzia chai. Badala ya kupaka miraba myeusi rangi, yule mzee aliichoma kwa chuma cha moto, akaichoma tena na tena mpaka kila mraba ukawa na kishimo. Kisoda hutumbukia humo kikatulia. Ukitaka kukisogeza, sharti ukinyanyue. Na si hilo tu. Kwa desturi ya kijiwe hiki, ukikitua sharti ukigonge, ko, na kutaja kwa sauti namba ya mraba unakotoka na unakokwenda, kama dalali mnadani. Desturi zote hizo aliziweka Zabron. Makelele matupu.

Zabron alifariki Januari. Kila Jumatatu ya Pasaka alikuwa akienda Iringa, ubao kwapani, kucheza na rafiki yake wa ujanani, mzee Didas wa Kalenga. Mwaka huu kiti chake ni kitupu, na kijiwe kitamchagua wa kukikalia Jumamosi ya tarehe kumi na mbili. Kalenga ni kwetu. Baba yangu yuko pale, na hajapata kuniona nikishinda kitu chochote kisichotolewa cheti.

Kiti kile ni changu.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimefikia kanuni. Kete njema ina sifa tatu: uzito, rangi isiyochanganya, na utamu wa kushikika. Maumbile yenyewe yametuandalia kitu chenye sifa zote tatu, na watu wa Mbeya wanakitupa jalalani kila siku: kokwa la parachichi.

Nilikwenda kwa Happy, muuza maparachichi wa soko la Mwanjelwa, nikamwomba makokwa. Aliuliza nafuga nguruwe wangapi. Nikamweleza nadharia yangu kwa utaratibu, tangu uzito hadi utamu. Alihudumia wateja watatu nikiwa bado kwenye uzito.

Nimeyakata vipande kwa kisu cha dada Tekla, ambaye naishi kwake tangu nilipohitimu. Ndani ni meupe kama maziwa! Nusu yake nimeipaka masizi ya sufuria. Nyeupe na nyeusi, mchana na usiku. Nilizipanga dirishani, nikazitazama kwa muda mrefu.

Jioni: zile nyeupe zimekuwa rangi ya tofali. Pengine ni mwanga tu.

Jumamosi, 5 Aprili

Haikuwa mwanga.

Nilizipeleka hivyo hivyo. Za tofali zilipokea masizi kutoka kwa zile nyeusi, nyeusi zikapoteza masizi kwa vidole vyetu, na baada ya mchezo mmoja zote zilikuwa za ukoo mmoja. Mzee Gideoni, mwenyekiti wa kijiwe na mstaafu wa reli, alijifuta jasho la paji la uso kwa kidole, akabaki na alama kama mtu aliyetoka kupakwa majivu. Nilimtuliza kwamba tumo ndani ya Kwaresima, kwa hiyo hakuna atakayeshangaa. Hakutulia.

Maandazi ya mama Yusta yalijaa alama za vidole. Wateja walianza kuyageuza geuza na kuyarudisha. Mwishowe aliyamwagia kuku, beseni zima.

Aidha, kete zilikuwa zimekauka na kujikunja, zikawa zinayumba. Kingi yangu ilibingirika ikaangukia kwenye chai ya Anyelwisye. Aliitoa kwa kijiko, akaniambia niirudishe shambani ikaote.

Nimeshindwa. Mama Yusta ameleta kopo la visoda, akalitua mezani taratibu. Watu wakapumua. Hivi ndivyo jamii inavyolikataa jambo jipya.

Jumatatu, 7 Aprili

Sikukuu ya Karume. Shemeji Jofrey, mume wa dada Tekla, ni seremala. Amekwenda Tukuyu msibani na karakana ameifunga. Ufunguo lakini umetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Nimeona wazi kwamba tatizo si kete peke yake. Ubao wenyewe lazima uzaliwe upya.

Nilikwenda kwa mama Yusta asubuhi, nikamwomba ubao niutengeneze kwa heshima ya marehemu. Aliingiza mikono ndani ya kitenge. Kisha akaniambia:

"Upake mafuta ya alizeti tu, mwanangu. Mzee alisema kisibadilishwe kitu mpaka Didas mwenyewe aache kucheza."

Nilimwuliza kwa sababu gani. Alisema hajui, mumewe alikuwa msemaji wa kila jambo, ila mambo ya Didas aliyafungia moyoni. Nilimweleza kwa adabu kwamba desturi isiyo na sababu ni ushirikina uliovaa suti. Akasema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akanifungia ubao ndani ya kitenge chake cha kanisani.

Nimetumia randa ya shemeji. Maranda yalinukia moshi. Vishimo vya Zabron vilitoka kimoja baada ya kingine, na chini yake mbao ilikuwa nyeupe, kama ngozi iliyofunguliwa bandeji. Katikati ya kazi nilisita kidogo, sijui kwa nini.

Kisha nikaendelea.

Sasa ni bapa kabisa. Nimechora miraba upya na kuipaka vanishi ya kung'aa, mikono mitatu. Kuhusu kete, nimepata jibu mahali nisipotarajia: mpini wa jembe la dada Tekla. Mviringo kamili, mgumu, mzito. Umetoa kete zote na kipande kimebaki.

Alhamisi, 10 Aprili

Siku tatu za mvua. Vanishi haikauki. Nzi wawili wamo humo milele.

Kete nimezipaka rangi mbili za kistaarabu, maziwa na kahawa ya maziwa. Rangi za kupiga kelele ni za watu wasiojiamini. Chini ya kila kete nimegundisha kiduara cha blanketi ili itue kimya, maana ule mgongano wa visoda ulikuwa unanikatisha fikra. Nimefuta pia desturi ya kutaja namba za miraba. Kila mtu ana macho, atazame.

Dada Tekla amegundua jembe na blanketi siku moja, maharage yakiwa yamezidiwa na majani. Alinisema kwa Kihehe, lugha anayoitumia siku hizi kwa misiba na kwangu. Sitaandika aliyoyasema. Mantiki yake ilikuwa dhaifu lakini nguvu yake ilikuwa nyingi.

Jioni shemeji Jofrey alirudi, akauona ubao. Aliuliza nani amenipa ruhusa. Nikasema mama Yusta. Akauliza kama mama Yusta alitaja randa. Nikajibu kwamba alitaja mafuta ya alizeti, na kwamba randa imo ndani ya roho ya agizo hilo. Shemeji alikaa juu ya gogo. Alinieleza kwamba Zabron alikuja karakanani kwake kiangazi kizima kuchoma vile vishimo. Alikuwa anachoma kidogo, anasubiri kipoe, anafumba macho, anapapasa kwa kidole, anachoma tena.

Nilimwambia kufumba macho kazini ni hatari, hasa kwa mtu mwenye chuma cha moto. Alinitazama, akazima taa ya karakana nikiwa bado ndani.

Jumamosi, 12 Aprili

Siku ya kumchagua mrithi. Mimi dhidi ya Anyelwisye, kwa vifaa vyangu.

Hapakuwa na ko, hapakuwa na namba wala utani. Kimya cha maktaba! Watazamaji, waliozoea kufuata mchezo kwa masikio huku wakinywa chai, walianza kuondoka mmoja mmoja. Mzee Gideoni alisinzia. Anyelwisye alisema anajiona kama yuko matangani, ila matangani angalau kuna wali. Nami, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nilikuwa namshinda. Kingi tatu kwa moja. Nasisitiza: tatu kwa moja.

Hapo likapita lori la mchanga.

Kijiwe chetu kiko kwenye mteremko, kando ya barabara. Malori hupita siku nzima na meza hutikisika siku nzima. Sikuwahi kulitafakari hilo, kwa kuwa visoda havikuwahi kuhama. Kete zangu, zenye blanketi chini na vanishi chini ya blanketi, ziliondoka zote kwa pamoja, kwa heshima, bila sauti, zikaingia mapajani mwa Anyelwisye.

Ubishi ukawa mkubwa. Hakuna aliyekumbuka kete ilikuwa wapi, maana hakuna aliyetaja namba. Mzee Gideoni aliamka, akaamuru mchezo urudiwe. Anyelwisye akakataa. Alisema hawezi kupanda basi mpaka Iringa amebeba kioo cha saluni, kumwaibisha Zabron kaburini. Aende Digrii, kwao ni kule, na baba yake atatoa chakula. Kwa hoja hiyo ya chakula mikono ikanyoshwa.

Nimechaguliwa! Kiti ni changu.

Mama Yusta alikuja kuchukua vikombe. Alipitisha kiganja juu ya ubao, mara moja, kutoka ukingo hadi ukingo. Alirudi jikoni akaanza kupuliza moto ambao ulikuwa tayari unawaka.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Asubuhi, kabla ya ibada, nilikwenda kwa mzee Gideoni kumchunguza mpinzani wangu. Mwaka jana alimsindikiza Zabron, kwa hiyo amemwona.

Anasema Didas hautazami ubao. Anatazama milimani, kama mtu anayesubiri mgeni, na hushinda hivyo hivyo. Kiburi cha ajabu. Zaidi ya hayo, kabla ya kucheza huzipapasa kete zote, zake na za mwenzake, moja moja. Zabron hakuwahi kulalamika. Mimi nimeielewa mbinu hiyo mara moja: ni vitisho. Mzee anamwonyesha mpinzani kwamba ubao wote ni mali yake.

Dawa yake ni sheria moja: ukigusa, umecheza. Nitaitangaza kabla ya kuanza. Nimeifikiria tangu hapo, hata wakati wa masomo ya mateso.

Jioni mama Yusta alikuja mpaka nyumbani. Hakuwahi kufika kwetu. Alileta lile kopo la visoda, akaniomba nilibebe tu, pengine Didas angependa kucheza kwa vile alivyovizoea. Nilimwahidi. Alipoondoka nililisukuma chini ya kitanda. Mzigo wa mtu makini hauna nafasi ya makopo.

Kalenga, Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Nimeshinda.

Naliandika hilo kwanza, kwa sababu mengine yaliyotokea ni ya pembeni.

Mchezo ulifanyika uani kwetu. Baba alitoa meza yake ya chakula. Watu walikuwa wengi: wa Kalenga, wa mjini Iringa, na mzee Gideoni niliyekuja naye kwa basi jana. Didas alifika akiwa ameshikana mkono na mkewe, Faustina, jambo ambalo wazee wetu hawalifanyi hadharani. Nikaliona kuwa ni mbwembwe. Alisalimu kwa Kihehe, kamwene, watu wakaitikia, akauliza kama ubao wa Zabron umekuja salama.

Nilisimama nikaeleza maboresho yote. Usawa wa uso. Ukimya. Rangi za kistaarabu. Kisha nikatangaza kwamba desturi ya kutaja namba imefutwa, na kwamba aliyegusa amecheza. Kulikuwa na mnong'ono. Mzee Gideoni alitazama viatu vyake. Didas alitabasamu kidogo, kama anayengoja mzaha uishe.

Akaweka mikono juu ya ubao, kwenye miraba ya katikati isiyokuwa na kete. Vidole vilikwenda, vikarudi, vikaenda tena, kama vya mwanamke anayetafuta sindano iliyoanguka kwenye mkeka.

"Zabron yuko wapi hapa?" aliuliza.

Nilimjibu kwa upole kwamba Zabron alifariki Januari. Akasema anajua, alishika udongo wa kaburi lake.

Nilianza mimi. Kete yangu ilitua bila sauti, kama nilivyokusudia. Akauliza nimecheza wapi. Nikamkumbusha kwamba hilo limefutwa. Akageuza uso kuelekea milimani, kama nilivyoelezwa. Watu wakanyamaza mpaka tukasikia kuku wa jirani. Mwishowe alinyosha mkono, akagusa kete moja, akaigeuza, akagusa ya pili, akaigeuza nayo. Blanketi chini, mti juu. Nikasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba amegusa, na acheze ile ya kwanza. Akaisukuma.

Ilikuwa yangu.

Mwezi huu huu mimi nilipofanya kosa hilo, kijiwe kizima kilicheka. Leo hakucheka mtu.

"Basi," alisema Didas. "Kijana ameshinda. Faustina, twende nyumbani."

Aliinuka akagonga goti kwenye meza, kete zikateleza zote zikaanguka kwenye tope. Hakuna aliyeinama kuziokota isipokuwa mimi. Nilipoinua kichwa uwanja ulikuwa mtupu.

Baba aliwasindikiza hadi njiani, akarudi akasimama mbele yangu. Hakupandisha sauti.

"Didas haoni, Clement. Mwaka wa nne huu. Mkewe ameniambia sasa hivi. Hakutaka mtu ajue, akamwambia Zabron peke yake."

Kisha akaingia ndani. Nilimjibu kwamba hoja hiyo ni ya kitabibu, haihusiani na ubora wa ubao, lakini mlango ulikuwa umefungwa. Chakula changu kililetwa na jirani.

Mbeya, Jumatano, 23 Aprili

Nimerudi na ubao. Mzee Gideoni alinitangulia jana kwa basi la asubuhi, na hakuniaga.

Kijiweni wanacheza juu ya boksi la katoni walilolichora kwa mkaa. Nimeuweka ubao wangu kwenye meza ya pili. Hakuna aliyekaa. Mama Yusta amekwenda kwa dada Tekla, wakatoa kopo chini ya kitanda changu pasipo idhini yangu, na leo alfajiri amepanda nalo basi la Iringa. Chai hakuna. Wanakunywa maji. Shemeji Jofrey ameambiwa achome vishimo kwenye ubao mwingine, na amenunua kufuli mpya ya karakana.

Anyelwisye hanitanii tena. Nilipomsalimu aliitikia, akaniita Clement. Sikujua kwamba analijua jina langu.

Nimelitafakari suala hili kwa haki, bila hasira, na nimefikia mahitimisho. Kwanza, matokeo ni matokeo: mimi moja, Didas sufuri. Pili, nakiri, maana mimi si mtu wa kukataa ushahidi, kwamba kete zangu zilikuwa na kasoro moja. Maziwa na kahawa ya maziwa ni rangi zilizofifia mno kwa mtu mwenye matatizo ya macho. Nimekwisha kupata ufumbuzi: njano kali na nyekundu ya kung'aa. Dada Tekla amenunua mpini mpya, mrefu kuliko ule wa kwanza.

Tatu, kunyamaza si hoja. Kwa hiyo nimebandika karatasi kwenye nguzo ya kibanda, kwa maandishi makubwa, mahali ambapo kila anayekunywa maji atayaona:

"Mimi, Clement Kalinga, nimeuboresha ubao wa Zabron na nimeshinda kwa vifaa vyangu mbele ya mashahidi. Anayesema kwamba nimeuharibu ajitokeze Jumamosi saa kumi jioni, ataje jina lake, alete hoja zake mbele ya watu wote. Kunitazama hakutahesabiwa kuwa jibu. Kuondoka mezani hakutahesabiwa kuwa jibu. Nadai jibu la hadharani."